Sasisho la kompyuta limegoma: maswali ninayoulizwa mezani, Mtwara mjini

Nilianza kuyaandika maswali haya nyuma ya daftari la risiti, kwa sababu yalikuwa yanarudi yaleyale kwa sura tofauti. Mwalimu kutoka Naliendele, mama wa steshenari karibu na stendi, kijana wa chuo anayekimbizana na ripoti ya mafunzo kwa vitendo: wote wanakuja na mashine iliyokuwa nzima jana, leo imegoma baada ya sasisho, au apdeti kama wengi tunavyosema. Na wengi wanafika wameshakata shauri: "Fundi, nipigie tu Windows upya."

Mimi huwaambia ngoja kwanza. Kupiga Windows upya ni dawa ya mwisho, na fundi mwenye haraka ataipiga huku akifuta picha za msiba wa baba yako. Sasisho lililoshindikana mara nyingi linarudishwa nyuma ndani ya nusu saa, ukijua pa kubonyeza. Majibu haya yanahusu zaidi Windows 10 na 11, ndizo ninazoletewa. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana mashine nyingi huku kwetu zinaongea Kiingereza.

Imeganda kwenye asilimia 35 tangu asubuhi, na imeandika nisizime. Nizime?

Angalia taa ya diski, ile ndogo inayopepesa karibu na kitufe cha kuwashia au ubavuni mwa laptopu. Ikipepesa, kazi inaendelea hata kama namba haisogei. Asilimia zile si saa ya ukutani. Inaweza kukaa kwenye 30 muda mrefu mpaka ukate tamaa, kisha zilizobaki zikapita wakati umekwenda kuchota maji.

Mashine yenye diski ya zamani, ile inayozunguka, na ramu ya GB 4, naipa saa tatu kabla sijaigusa. Yenye SSD, diski mpya isiyozunguka, naipa saa moja na nusu. Muda huo ukipita na taa imelala kabisa, chomoa kila kitu isipokuwa chaja: flashi, printa, modemu, memori kadi. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde kumi mpaka izime. Washa tena.

Mara nyingi itaandika kwamba inaondoa mabadiliko. Iache iondoe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona maneno yamerudi, wanadhani ni ugonjwa uleule, wanazima tena katikati ya mashine kujitibu. Kuzima mara ya kwanza kunasameheka. Hiyo ya pili ndiyo inayowaleta mezani kwangu.

Umeme ulikatika sasisho likiwa katikati. Nimeiua?

Kwa kawaida hapana. Windows huandaa faili mpya pembeni kabla ya kuziweka mahali pa zile za zamani, na ikiwaka na kukuta kazi haikuisha, hujaribu kurudi ilipokuwa. Utasubiri, pengine itajiwasha upya mara mbili tatu, kisha utakuta mezani pako palepale. Shida kubwa huja diski inapokuwa nayo ilishachoka.

Kinga yake ni rahisi kusema. Kwa laptopu, chomoa chaja leo uone betri inakaa dakika ngapi. Laptopu ambayo betri yake imekufa ni deskitopu tu yenye kibodi ndogo, usiianzishie sasisho kubwa jioni ya mawingu. Kwa deskitopu, zile UPS ndogo za dukani, yaani betri za akiba, zinakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Hazikupi saa mbili.

Na tazama uniti za LUKU kabla hujaanza. Mteja wangu mmoja wa Chikongola alianzisha sasisho saa nne usiku, jokofu linaunguruma, uniti zimebaki moja na ushee. Asubuhi alikuja na lawama zake zote kuhusu kukatika kwa umeme. Mtaa mzima ulikuwa na taa usiku ule.

Inajiwasha, inajizima, inajiwasha. Haifiki hata kwenye pa kuweka nenosiri.

Hili ndilo linalotisha kuliko yote, na ndilo nitakaloliongelea kirefu, kwa sababu watu hupoteza kazi za miaka hapa bila sababu.

Ndani ya mashine yako kuna chumba kidogo cha matengenezo, kimejificha. Kukifungua, washa mashine, na mara tu alama ya Windows au ya kampuni inapotokea, izime kwa kushikilia kitufe. Fanya hivyo mara tatu mfululizo. Safari inayofuata itakuletea maandishi ya Automatic Repair, kisha skrini ya bluu yenye machaguo. Ndiyo, hapo juu nimekukataza kuzimazima. Hii ni tofauti: unaizima mwanzoni kabisa mwa kuwaka, sasisho likiwa limeshashindwa, na unafanya hivyo kwa kusudi.

Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options. Anza na Uninstall Updates. Itakuuliza uondoe lipi: la mwezi, ambalo inaliita quality update, au lile kubwa la kubadilisha toleo, feature update. Kama tatizo limeanza baada ya sasisho la kawaida, ondoa la mwezi. Mashine nyingi ninazoletewa hupona hapahapa, na mwenye nayo hubaki ananitazama kana kwamba nimemficha kitu siku zote.

Ikikataa, jaribu System Restore kama kuna tarehe ya nyuma iliyohifadhiwa. Ikikosekana, Startup Repair. Sijaiona ikifanya maajabu, ila haigharimu kitu. Baada ya hapo ingia kwa hali salama: Startup Settings, kisha Restart, kisha bonyeza namba 4. Mashine ikiwaka hivyo, ujue mfumo wenyewe ni mzima, kinachosumbua ni kiendeshi (driver, programu inayoendesha kifaa fulani) au antivirusi uliyowekewa. Ondoa antivirusi hiyo, jaribu kuwasha kawaida.

Mwisho kabisa ni Reset this PC. Chagua Keep my files. Programu zako zitaondoka, Word utaiweka tena, lakini nyaraka na picha zilizo kwenye akaunti yako zinabaki. Itakuuliza pia Cloud download au Local reinstall. Ya kwanza inashusha Windows nzima kutoka mtandaoni, gigabaiti kadhaa. Kama unatumia bando la simu, chagua ya pili.

Kabla sijajaribu hayo yote, naokoaje kazi zangu?

Swali zuri, na wachache wanaliuliza kwa wakati. Njia ya kwanza haihitaji kitu zaidi ya flashi. Kwenye chumba kilekile cha matengenezo, ndani ya Advanced options, kuna Command Prompt. Ifungue, andika notepad, bonyeza Enter. Ndani yake nenda File, kisha Open, na pale chini badilisha ionyeshe faili zote. Kidirisha hicho cha kufungulia faili ni mlango wa diski yako nzima. Nenda Users, kwenye jina lako, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, Copy, kisha nenda kwenye flashi, Paste. Herufi za diski zinaweza kuwa zimebadilika humo ndani, C ikaitwa D, usishtuke. Haitakuonyesha mstari wa maendeleo, itaonekana imeganda tu. Subiri.

Njia ya pili ni flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure ulio mbadala wa Windows, inayowaka bila kusakinishwa. Unaiwashia mashine, unaona diski yako, unanakili. Kila fundi anayejiheshimu anayo moja mfukoni. Muulize kabla hujamwachia mashine.

Nimenunua bando, limekwisha, sasisho halijaisha. Nimepoteza pesa?

Si zote. Kinachoshusha masasisho ya Windows hukumbuka kilipoishia na kuendelea mtandao ukirudi, kwa hiyo nusu uliyoshusha usiku wa jana kwa kawaida ipo.

Ila ujue ukubwa wa unachokipigania. Sasisho la mwezi ni mamia ya megabaiti, na kwa matoleo mapya ya Windows 11 linaweza kuvuka gigabaiti. Kubadilisha toleo zima ni gigabaiti 5 na ushee. Ukiwasha hotspoti ya simu ukadhani unasoma barua pepe tu, mashine inaona mlango uko wazi, inajihudumia.

Dawa yake: fungua Settings, nenda kwenye mtandao wa Wi-Fi uliounganishwa, fungua sifa zake, washa Metered connection. Hapo umeiambia mashine kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi yatasubiri mpaka uyaruhusu mwenyewe. Fanya hivyo leo, hata kama hakuna kilichoharibika.

Na kuna njia ya watu wa Newala, Liwale na kwingine ambako mtandao unakuja na kuondoka. Kila sasisho lina namba inayoanza na KB. Microsoft wana ghala la masasisho linaloitwa Microsoft Update Catalog: unaandika namba ile, unashusha faili kwenye kompyuta yoyote yenye mtandao mzuri, kazini au kwa jamaa, unaibeba kwa flashi, unaibofya mara mbili nyumbani. Hakikisha tu toleo la Windows ni lilelile. Mwalimu mmoja wa Nachingwea huja mjini mara moja kwa miezi miwili na flashi yake, anashusha, anaondoka. Mashine yake haijawahi kulala mezani kwangu.

Imeandika herufi na namba zinazoanza na 0x. Maana yake nini?

Piga picha skrini. Tafadhali. Nusu ya kazi yangu ni kumsikiliza mtu akijaribu kukumbuka namba ile.

0x80070070 ni nafasi: diski imejaa. Nimeiongelea chini. 0x80072EE2 ni mtandao kuchoka njiani, mashine iliita ikakosa kujibiwa. Mei 2024 niliiona kila siku: kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita tarehe 4, barabara ya Dar es Salaam imekatika upande wa Kilwa, kisha tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika na mtandao wa nchi nzima ukadhoofika. Watu waliniletea mashine nzima kabisa. Niliwaambia warudi nazo nyumbani wasubiri.

0x80072F8F mara nyingi ni tarehe na saa, nayo ina swali lake. 0x80070422 maana yake huduma ya masasisho imezimwa, na karibu kila mara kuna mtu aliyeizima. 0x80073712 ni faili za mfumo zilizopungua au kuharibika. Ile inayoanza na 0xC1900101 ni kiendeshi cha kifaa kukataa wakati wa kubadilisha toleo: chomoa vifaa vyote vya nje, ondoa antivirusi ya ziada, jaribu tena.

Kuna moja iliyosumbua wengi, 0x80070643, iliyoanza Januari 2024 na sasisho la KB5034441. Kile chumba cha matengenezo nilichokitaja kilikuwa kimejengewa sehemu ndogo mno kwenye diski, sasisho likakosa pa kukaa. Lilihitaji megabaiti 250 za wazi. Kama mashine yako inafanya kazi vizuri na namba hiyo ndiyo pekee inayojirudia, usiruhusu mtu akate na kupanua sehemu za diski yako kwa ajili yake bila kuhifadhi nakala kwanza.

Diski imejaa. Nifute nini?

Si folda ya Windows. Nimeletewa mashine ambayo kijana alifuta System32 ili kupata nafasi ya filamu.

Fungua Settings, System, Storage. Itakuonyesha kilichokula nafasi. Ingia kwenye Temporary files, weka alama kwenye masalia ya masasisho ya zamani na faili za muda, lakini kagua kwanza kama folda ya Downloads imewekewa alama, maana wengi wetu ndiyo kabati letu. Video za harusi na ngoma ndizo huwa mlima wenyewe. Zihamishie kwenye diski ya nje. Kwa kubadilisha toleo, mimi sianzi bila GB 20 za wazi.

Zile laptopu ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 ni kesi nyingine. Windows peke yake inakaribia kuijaza. Hakuna ufundi hapo.

Kila nikiwasha, tarehe inarudi miaka ya nyuma, na masasisho yanakataa.

Ni betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032. Ikiisha, mashine inasahau saa kila umeme ukikatika. Mashine ikidhani ni mwaka 2015, inaona vyeti vya usalama vya mtandao si halali, inakataa kuongea na seva za Microsoft. Rekebisha saa kwa mkono, sasisha, kisha nunua betri. Kwenye deskitopu unaibadilisha mwenyewe: chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, ondoa ya zamani, weka mpya, upande wenye maandishi ukitazama juu.

Deskitopu za mtumba zinazoingia kwa meli karibu zote zinahitaji betri hii. Ibadilishe siku ya kuinunua.

Linashuka, linafika asilimia 100, linashindwa. Kila siku hivyohivyo.

Huenda kilichoshushwa kimeharibika njiani, na mashine inang'ang'ania kukitumia. Tupa makapi, ianze upya. Tafuta Command Prompt, ibonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua Run as administrator, kisha andika mistari hii mmoja mmoja:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Hugusi kazi zako kabisa. Unaiambia mashine isahau ilichoshusha, ijenge ghala jipya. Ubaya wake ni kwamba itashusha tena, kwa hiyo liwepo bando.

Ikishindwa bado, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth na uiache. Hii hulinganisha faili za mfumo na zile sahihi na kushusha zilizopungua, nayo inahitaji mtandao. Inaweza kusimama asilimia 62.3 muda mrefu. Ni tabia yake. Ikiisha, andika sfc /scannow. Mpangilio ni huo, DISM kwanza, kwa sababu sfc huchota faili safi kutoka ghala lile ambalo DISM imelitengeneza. Watu wengi wanaanza na sfc, inawaambia imeshindwa kurekebisha, wanakata tamaa.

Sasisho limeingia salama, lakini Wi-Fi imepotea.

Kiendeshi. Fungua Device Manager, tafuta kifaa cha mtandao, Properties, Driver, Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu kugawa mtandao kwa USB, na mashine itapata mtandao bila Wi-Fi ili itafute kiendeshi kipya. Skrini nyeusi ghafla baada ya sasisho? Jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Unasikia mlio, picha inarudi. Si kila mara.

Imetokea skrini ya bluu inataka namba yenye tarakimu 48. Sijawahi kuweka namba yoyote!

Hukuweka wewe. Diski yako ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, na kwenye mashine mpya mara nyingi hujifunga yenyewe ulipoingia na akaunti ya Microsoft. Sasisho lililogusa mfumo wa kuwashia limefanya mashine ijiulize kama imeibwa.

Ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ile. Kwa simu, nenda aka.ms/myrecoverykey, ingia, utauona. Tatizo la kweli linakuja hapa: uliingia na akaunti ya nani? Laptopu nyingi zinauzwa zikiwa "tayari zimewekwa kila kitu," na akaunti iliyomo ni ya muuzaji. Mpigie. Kama hapatikani na ufunguo haupo, mashine inaweza kupigwa Windows ikafanya kazi, lakini yaliyokuwemo hayarudi, na fundi anayekuahidi vingine anakula pesa yako. Yeyote anayesoma hili mashine yake ikiwa nzima, aende akautazame ufunguo wake sasa hivi, auandike kwenye karatasi.

Nilipigiwa Windows mtaani, haijawahi kuleta sasisho hata moja.

Inawezekana imekatwa miguu. Kuna nakala zinazozunguka kwenye flashi ambazo waliozitengeneza wameondoa huduma ya masasisho ili ufunguo wa bandia usigundulike na mashine ionekane nyepesi. Miaka ya mwanzo nilizipiga mimi mwenyewe, sitajifanya malaika. Niliacha baada ya kurudishiwa mashine tatu wiki moja, zote virusi, zote kutoka flashi ileile yangu.

Hizo huzitengenezi. Hifadhi kazi, shusha Windows halisi kutoka tovuti ya Microsoft kwa chombo chao cha Media Creation Tool, weka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, anza upya. Laptopu za mtumba za ofisini mara nyingi zina leseni halali iliyoandikwa ndani ya ubao wenyewe. Ukiweka toleo sawa, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inajitambua ikiunganishwa na mtandao. Watu wanalipia ufunguo waliokuwa nao tayari.

Mashine inasema Windows 10 imefika mwisho, na Windows 11 inaikataa. Nifanyeje?

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika, itaendelea kuwaka, ila mashimo mapya hayazibwi. Microsoft walitoa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, kwa mashine zilizofika toleo la 22H2, na mojawapo ya njia za kujiunga ni bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft.

Windows 11 inataka ramu ya GB 4, hifadhi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka. Kinachowaangusha wengi huku ni prosesa: kwa Intel, kuanzia kizazi cha 8. Angalia jina lake. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. HP EliteBook 840 G3, ambayo ukirusha jiwe Mtwara mjini utaipiga, ni ya kizazi cha 6. Nzuri, imara, na haimo.

Kuna ujanja wa kuilazimisha. Nimeufanya, unafanya kazi mpaka siku toleo linalofuata linapokataa, na siku hiyo unanitafuta mimi. Kwa mtu anayeandika barua, anayetazama video na kuingia mtandaoni, mimi namwekea Linux Mint kwenye mashine hiyohiyo. Inatosheka na ramu ya GB 4 na masasisho yake huyaweka bila kukufungia skrini. Mwenye programu ya uhasibu inayotaka Windows tu, huyo aanze kuweka akiba. Msimu wa korosho ukifika, bei za laptopu nazo huamka.

Nina Linux Mint tayari, sasisho limekatika katikati.

Fungua terminali, andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install. Basi.

Steshenari yangu ina kompyuta nne. Kila moja inakula bando lake.

Si lazima. Kwenye Windows Update, Advanced options, kuna Delivery Optimization. Iwashe, chagua zisaidiane ndani ya mtandao wa ndani tu. Moja ikishusha, nyingine zinachota kwake sehemu kubwa. Usichague ile inayotaja na mashine za intaneti, maana hapo bando lako litawahudumia watu usiowajua. Na usisasishe zote siku moja. Anza na ile isiyo na printa, ifanye kazi siku mbili, ndipo nyingine zifuate.

Kwa nini nisizime masasisho kabisa nikapumzika?

Machi 14, 2017 Microsoft walitoa kiraka cha shimo moja la Windows. Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye shimo lilelile, kikafunga faili kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Kiraka kilikuwa na karibu miezi miwili kikisubiri kuwekwa.

Ahirisha, usizime. Windows inakuruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki 5. Ya mwezi hutoka Jumanne ya pili, kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku, kwa hiyo Jumatano asubuhi ndipo simu zangu zinapoanza kulia. Mashine yangu ya kazi huisubirisha wiki moja, wenye haraka wagundue kasoro kwanza. Ni uchoyo kidogo.

Nitajuaje kwamba ni diski inayokufa na si sasisho?

Sikiliza. Diski inayozunguka ikigonga taka, taka, taka, acha kila kitu, nakili kazi zako leo. Mashine inayochukua dakika kumi kuwaka na kuganda ukifungua folda fulani ileile, nayo ni dalili. Andika chkdsk C: /scan uone inasema nini. Sasisho huandika maelfu ya faili kwa mpigo, kwa hiyo diski iliyokuwa inajikongoja ndiyo siku inayoanguka, na sasisho linabeba lawama.

Wanaokaa Shangani na Mikindani wana adui wa ziada. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula miguu ya ramu. Mashine inayoanguka kila sasisho kwa kosa tofauti, leo namba hii kesho ile, mimi nachomoa ramu, nasafisha miguu kwa ufutio wa penseli, narudisha. Mara kadhaa hiyo ndiyo imekuwa tiba yote.

Niko Masasi, naweza kuituma kwa basi?

Unaweza, lakini tuma picha ya skrini kwanza, huenda tukamaliza kwa simu. Ikibidi kusafiri, izime kabisa, usiifunge ikiwa imelala, ifunge kwenye nguo na boksi gumu, na usiweke kitu juu ya kifuniko. Andika kwenye karatasi nenosiri, namba ya kosa, na folda ambazo hutaki ziguswe. Na weka chaja ndani. Wiki hii pekee nimepokea laptopu mbili bila chaja, na moja ina tundu ambalo sina mfano wake mjini.